Gurudumu Lililia, Mume Wangu Hakusikia

Mume wangu alirudi kutoka hospitali akiwa amepona kifua lakini masikio yamekufa. Daktari alikuwa ametuonya kwamba sindano za kutibu kifua kile huweza kuondoka na usikivu wa mtu, nasi tukasema heri uhai. Alipopata nguvu, asubuhi moja aliitoa pikipiki yake nje ya nyumba yetu hapa Mbotela, akaipangusa vumbi, akarudi stejini kando ya Barabara ya Jogoo kubeba abiria kama zamani.

Nilimsihi asiende. Alisoma midomo yangu, akanijibu kwa ile sauti kubwa ambayo mwenyewe hakujua kwamba ni kubwa, "Barabara naiona kwa macho."

Mimi hushona nguo za shule mlangoni. Tangu siku hiyo, kila honi iliyolia huko nje ilinisimamisha mkono.

Jioni moja jirani yetu, ambaye ni mwenzake wa stejini, alinijia nikiwa kwenye cherehani. "Shemeji," akasema, "pikipiki ya bro inalia gurudumu la mbele, siku nyingi sasa. Nimemwashiria asimame nimwambie, akadhani ni salamu, akanipungia mkono tu akapita. Abiria wanaisikia, wanadhani anajua."

Mume wangu alipofika nilimwandikia kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo: gurudumu la mbele linalia. Alisoma, kisha akasoma tena. Kabla ya ugonjwa, huyu ndiye mtu aliyekuwa akisikia pikipiki ya mwingine ikipita nje na kusema, huku anakula, kwamba mnyororo wa yule umelegea.

"Inaliaje?" akaniuliza.

Utamwelezaje sauti mtu asiyesikia? Nikaandika: kama kijiko kikikwangua sufuria. Akatikisa kichwa.

"Nikishika breki, au hata nikiwa sijashika?"

Sikujua.

"Basi panda."

Tulizunguka polepole kati ya nyumba, mkono wangu ukiwa begani mwake. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikisikia nimbonyeze, na ikizidi nibonyeze kwa nguvu. Aliposhika breki ya mbele, chuma kilikwaruza chuma hadi meno yakaniuma. Nikambonyeza kwa nguvu. Alipoiachia nilitaka kuondoa mkono, lakini kumbe chini ya mkwaruzo ule palikuwa na sauti nyingine, nzito, kama ya kusaga mahindi, na hiyo haikukoma. Akazima injini kabisa, tukateremka kwa mteremko tu. Usagaji ukaendelea, nami nikaendelea kubonyeza. Nilimwona mabega yakimshuka.

Nyumbani aliisimamisha kwa stendi kubwa na kuweka tofali chini ya injini ili gurudumu la mbele lisiguse ardhi. "Zungusha," akaniambia. Nikazungusha. Alishika shoki ya mbele, chuma kinacholishikilia gurudumu, kwa viganja vyote viwili, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Naihisi," akasema. "Inatetemeka ndani."

Kisha alilishika gurudumu juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza kama jino linalotaka kung'oka.

"Beringi zimekwisha. Na pedi za breki zimelika zote, sasa ni chuma kinakula diski." Aliniangalia. "Hii haikuanza leo."

Nikaandika maneno ya jirani, kwamba ilikuwa imelia siku nyingi. Aliketi chini pale pale, kando ya tofali.

"Asubuhi nimempeleka mama mmoja kliniki," akasema. "Alikuwa na mtoto mgongoni."

Usiku huo hakugusa chakula.

Fundi alibadilisha beringi na pedi, akasafisha diski. Nilipanda tena nyuma, tukazunguka, na sikuwa na sababu ya kumbonyeza hata mara moja. Nilidhani angefurahi. Badala yake alinipeleka hadi stejini, akavua koti lenye namba ya steji, akalikunja, akamkabidhi jirani yetu.

"Watu sitabeba tena," akawaambia. "Nisiposikia pikipiki yangu mwenyewe, nitasikia ya nani?"

Mmoja mmoja walimshika mkono.

Siku hizi hubeba mikate, anaisambaza madukani alfajiri kabla barabara hazijajaa. Moyo wangu umetulia kiasi. Ila siku ile, tukirudi nyumbani, nililia nyuma yake bila yeye kujua. Alikuwa amependa kazi ile kwa sababu ya watu, hadithi zao, malalamiko yao, wale waliomwambia mambo wasiyowaambia wake zao. Hayo yalikuwa yamekwisha tangu hospitali, na mimi niliposema heri uhai nilikuwa nimehesabu uhai peke yake.