Geti Jipya Kwenye Njia ya Chai

Harufu ya majani ya chai yaliyoanza kunyauka haifanani kabisa na harufu ya chai iliyo kikombeni. Ni kali, kama ya nyasi zilizofyekwa zikalaliwa na mvua, na ilikuwa imemwingia baba yangu mpaka kwenye kola za mashati. Baba alikuwa dereva wa lori la majani mabichi katika shamba moja nje ya mji wa Tukuyu. Kwa miaka kumi na minne alipanda na kushuka vilima vya Rungwe akifukuzana na saa, kwa sababu majani yakichelewa kufika kiwandani hupata joto na kuharibika. Kona zote alizijua kwa mikono, lakini kwa macho hakuzijua. Dereva wa majani hana ruhusa ya kutazama pembeni. Kwa hiyo mwezi wa sita ule, shule zilipofungwa na mvua kupungua, alipotangaza kwamba Jumamosi tungetembea kwa gari bila mzigo wala haraka, mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya mji wetu, ambayo zamani yalikuwa na kiberiti na vumbi tu, yalijaa sabuni za rangi na masufuria yanayong'aa. Baba mkubwa, aliyekuwa akinunua viazi Isongole na kuvipeleka Mbeya, alijipatia pikapu, na ndiyo aliyotuazima siku hiyo. Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyouza shamba la chai. Kila mtu alisema mwekezaji atatufaa, kwani mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wafanyakazi walikuwa wameambiwa wasubiri: wengine wangebaki, wengine wangepunguzwa. Baba alisubiri kama wenzake, akapunguza hata kikohozi chake akiwa kazini.

Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya bibi, mama yake baba. Alizaliwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, akaolewa huku mlimani akiwa msichana. Sasa presha ya macho ilikuwa ikimla nuru polepole, na daktari alishasema kilichopotea hakirudi. Bibi hakulia. Alisema tu kwamba kabla dunia haijafungwa angependa kuliona ziwa mara moja, hata kwa mbali. Baba alikumbuka kwamba ndani ya shamba la chai kulikuwa na kona ambayo siku mbingu zikiwa safi, ziwa huonekana chini kule, jembamba kama utepe. Alikuwa ameipita kila siku kwa miaka kumi na minne bila kusimama.

Tulianza kwa kupanda Isongole. Bibi na mama walikaa mbele na baba. Mimi na dada yangu Tupokigwe tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, tumejifunika blanketi moja, meno yakigongana kwa baridi na furaha. Sijawahi kuona gari likienda polepole vile. Baba alisimama kila alipojisikia. Alisimama tuone ukungu ukivuliwa na Mlima Rungwe kama shuka. Alisimama kwa wanawake waliokuwa wakivuna viazi, akawasalimia mpaka wakauliza kama ameharibikiwa na gari. Tulikula ndizi za kuchoma kando ya barabara, na bibi akaeleza kila bonde kwa sauti ya mtu anayeaga. Mchana tuligeuza, mbingu ni safi kama tulivyoomba, tukaingia njia ya chai.

Tulikuta geti. Jana yake halikuwepo. Lilikuwa bomba refu la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mlinzi alikuwa Anyosisye, aliyekuwa akiimba besi na baba kwenye kwaya ya kanisa letu. Alituamkia kwa furaha, kisha akakumbuka kazi yake. Alisema amri ni magari ya kampuni tu. Baba akacheka, akasema, "Ndugu yangu, si kila kitu ruksa siku hizi? Nampeleka mama kwenye kona ile, anatazama, tunarudi."

Anyosisye alikuwa ameshaweka mkono kwenye bomba lile alinyanyue. Hapo likaja gari la meneja mpya. Alikuwa kijana, mtu wa mbali, na hakushuka. Hakumwamkia bibi. Kwetu hata mlevi humwamkia mzee. Aliuliza kupitia dirishani sisi ni nani na tuna shughuli gani. Baba akaeleza. "Hapa si mahali pa matembezi," meneja alisema. "Geuzeni."

Bibi alishuka, akashika mlango wa pikapu asianguke. "Balabala hii," alisema kwa Kiswahili chake cha mlimani, "mawe yake tulibeba sisi wanawake, kwa kujitolea. Mdogo wake huyu alikuwa mgongoni kwangu. Wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

Meneja alimtazama baba, akauliza, "Wewe ni mfanyakazi wetu?" Baba akavua kofia. Naikumbuka kofia ile ikizunguka mikononi mwake. Akasema, "Samahani sana, bosi. Tulikosea."

Tulikosea! Nilikuwa na miaka kumi, na neno lile lilinichoma kuliko kofi. Niliwachukia wote wawili siku ile, na ilinichukua miaka mingi kujua nani wa kuchukiwa. Mnyonge hachagui maneno yake. Baba alikuwa akilinda sahani zetu. Tuligeuza gari, tukarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye majina ya waliobaki yalibandikwa ubaoni, na la baba halikuwemo.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya kuendesha basi la Kyela, akampeleka bibi mpaka ufukweni. Bibi alikuwa haoni tena. Alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasema maji yana joto. Baba aliponisimulia hilo aligeukia ukutani.

Siku hizi wanaiita ile kona kivutio. Mwaka jana nilikwenda na binti yangu, tukakuta benchi za mbao na kibao cha kukaribisha wageni. Kijana mwenye fulana ya shamba alitueleza, kwa adabu nyingi, kwamba kabla ya uwekezaji hapakuwa na njia hapa, ni pori tu. Nikamwambia ipo tangu bibi yangu akiwa na nguvu. Akatabasamu kama wanavyofundishwa kutabasamu, akasema, "Karibu sana, mama." Binti yangu akapiga picha ziwa lilivyolala kule chini, akaniambia twende, kuna upepo. Nilikuwa nimetazama saa tulipoliacha geti. Kwa miguu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ni dakika mbili. Bibi angeweza kutembea. Walimnyima dakika mbili.