Karatasi ya Usumani, 1984

Baba yangu, Usumani, anajua kupima mtu kuliko fundi yeyote wa mtaa wetu wa Rwezamenyo. Shida yake ni kwamba akishapima haiamini futi. Anaamini daftari. Ukimwendea leo na tumbo lako la leo, atafunua kurasa za nyuma akutafute ulivyokuwa miaka ile ulipokuwa na kiuno, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wa kuuamua ni mimi, Raihana, mwanawe, ninayekaa naye cherehani kwa cherehani mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Ana miaka sabini. Ujanani alikuwa bondia wa uzito wa juu, si wa kuandikwa popote: mapambano sita, matano alishinda, na la sita hataki kuulizwa. Ngumi zikaisha, cherehani ikabaki, lakini kichwa chake hakikushuka ulingoni. Nyuma ya mlango wa duka letu kuna msumari, na juu yake ametundika karatasi za kukatia nguo, za mifuko ya saruji, ambazo fundi mwingine hana. Ali. Foreman. Frazier. Kila mmoja na kifua chake, mabega, shingo na urefu wa mkono, kama vilivyoandikwa katika magazeti ya zamani ya Kifaransa. Ya chini kabisa ni ya kanzu, na ina maandishi ya kalamu nyekundu: Usumani, 1984. Mteja akianza kuropoka juu ya mabondia wa siku hizi, Baba hamjibu. Anashusha karatasi moja na kumwekea kifuani, aone mwenyewe inavyompwaya.

Wateja huchekeshwa na jambo hilo. Mimi limenichosha. Anachukua jioni moja nzuri ya mtu aliyekwisha kufa, anaipiganisha na asubuhi zote za mtu aliye hai, halafu anashangaa aliye hai anashindwa.

Wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, alikuja Mutsinzi. Ni kijana wa Rebero, mlinzi katika ofisi moja ya Kacyiru, na jioni anafanya mazoezi ya ngumi. Alikuwa amepata pambano lake la kwanza nje ya nchi, Kampala, akataka bukta na joho la satini ya buluu. Baba alimpima mwenyewe. Mutsinzi, mikono ameinyoosha, hakujua pa kunyamaza.

"Muzehe, Ali angemfanya nini Fury? Fury iko na mita mbili na zaidi. Kilo mia moja kumi na tisa. Ali kule Kinshasa alikuwa na tisini na nane. None se, sasa angemfikia wapi?"

"Usyk alimfikia wapi?" Baba akamjibu. "Tena mara mbili kwa mwaka mmoja. Na Usyk ana urefu wa Ali, mkono wa Ali."

"Basi Usyk angempiga Ali pia. Watu ya leo iko na madaktari, iko na mashine. Wale wa zamani walikimbia na viatu ya kazi tu."

Mkono wa Baba ulisimama kiunoni mwa Mutsinzi. Nilichungulia futi: sentimita mia na kumi na mbili. Nikangoja aseme niandike. Hakusema.

"Mwaka juzi ulikuwa tisini na nane," alimwambia.

"Nilikuwa na kilo kidogo, Muzehe. Kocha ndiye amesema niongeze."

"Shusha mikono," Baba akasema, akanigeukia. "Joho shona wewe. Bukta niachie."

Nikamwachia. Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili nitalifikia.

Mutsinzi alirudi Jumamosi saa nane mchana, na begi begani. Basi lake la Kampala lilikuwa linaondoka kituo cha Nyabugogo saa kumi na mbili. Joho lilimkaa barabara. Bukta ilikuwa kazi safi, mshono umenyooka, lakini ilipofika mapajani ikagoma. Akavuta. Mwanzoni alicheka, akidhani tumempa ya mtu mwingine. Nasiri, anayeuza viatu mlango wa pili, alikuja kuegemea kizingiti, akacheka zaidi, na hapo Mutsinzi akaacha kucheka.

"Baba, umeikata kwa ngapi?" nikauliza, ingawa nilikwisha jua.

"Tisini na nane. Ndicho kipimo chake. Kilichozidi ni uvivu."

Mutsinzi alikaa kwenye benchi la wateja, bukta mkononi, joho bado analo. Alikuwa mkubwa sana kwa lile benchi.

"Muzehe, mimi sipigani na Ali," alisema polepole. "Kesho napigana na mtu ya Kampala, na yeye pia iko hai. Ariko, lakini wewe unataka nipande na mwili ya mwaka juzi. Huo sina tena."

Mtu mwingine angeomba radhi. Baba alijinyoosha, akapitisha kiganja kwenye kifua cha kanzu yake nyeupe.

"Mabingwa walijua kujitunza. Nitazame mimi. Miaka arobaini, kanzu yangu inakatwa kwa karatasi ile ile na inanikaa."

Hapa ndipo lilipo kosa langu la pili. Kila Idi ikikaribia, Baba hunipa kitambaa na kuniambia, kata kwa karatasi yangu. Mwaka aliofariki Mama, Baba alikuwa amepungua hivi kwamba nikaona karatasi ile itammeza, nikapunguza pembeni bila kusema. Mwaka uliofuata nikapunguza tena. Yeye huivaa, hujitazama kiooni, husema imenikaa, nami nanyamaza nikijiona mtoto mwema. Sasa wema wangu ulikuwa umesimama katikati ya duka, unamtukana mtu mwenye basi la kuwahi. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na zaidi nilijikasirikia.

Nikaenda nyuma ya mlango, nikaishusha karatasi ya chini kabisa.

"Baba, simama vizuri," nikamwambia.

Alidhani namsaidia kuonyesha. Akasimama kwa fahari, kidevu juu. Nikamwekea karatasi begani na kuishika kwa pini mbili. Mabega ya karatasi yalimpita vidole vinne kila upande. Chini ililala sakafuni na kumfunika viatu. Nasiri alitazama mara moja, akarudi kwenye viatu vyake.

Baba aliinamisha kichwa. Aliitazama karatasi, akaishika kanzu aliyoivaa kwenye mshono wa bega, akaipapasa kama kitambaa cha mgeni.

"Hii uliikatia karatasi gani?"

"Hakuna karatasi, Baba. Nilikata kwa macho."

"Tangu lini?"

"Idi ya tisa hii."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na majibu ninayo. Alininyima hata hiyo. Alichomoa pini mbili, akaikunja karatasi, akakaa kwenye cherehani yake, akavaa miwani na kuanza kufumua bukta ubavuni.

"Mutsinzi, njoo," alisema bila kuinua macho. Mutsinzi akaja. Baba akamzungushia futi upya, akasoma kwa sauti: "Mia na kumi na mbili. Raihana, andika."

Nikaandika. Tulikuwa na satini ya buluu iliyobaki kwenye joho, tukapachika kipande kila ubavu, yeye wa kulia, mimi wa kushoto. Saa kumi na moja kasorobo Mutsinzi aliivaa, akachuchumaa, akarusha ngumi mbili hewani.

"Iko sawa, Muzehe."

"Mkono wa kushoto unaushusha ukirudi nyuma," Baba akamwambia. "Hata Ali alikuwa anaushusha."

Mutsinzi alifunga begi, akapanda pikipiki ya kumpeleka Nyabugogo, na sikujua kama tumesamehewa.

Nilianza kufagia nyuzi. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa mbele yangu, mikono ameinyoosha kama mteja. Nikachukua futi, nikampima kifua.

"Ngapi?"

"Tisini na nne."

"Fungua ukurasa wangu."

Ulikuwa na mstari mmoja tu, wa mwaka 1984: kifua mia na kumi na nane. Wino ulikuwa umeanza kupauka.

"Andika chini yake," alisema. "Ile ya juu usiifute."

Nikaandika tisini na nne, na tarehe. Nilipofunga daftari, mikono yake ilikuwa bado hewani, na yeye anatazama ule msumari wa nyuma ya mlango.

"Shusha mikono, Baba," nikamwambia.