Miwani ya Mtani Wangu

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alinifuata nyuma ya turubai nilikokuwa nimekaa, akaniinamia sikioni na kuniuliza kama ningesimama kusema neno la watani kabla jeneza halijatoka nyumbani. Nilipaswa kukataa. Ningesema presha imepanda, na kwa umri wangu hakuna ambaye angeshangaa. Nilisema nitasimama. Niliitikia upesi mno, na wakati naitikia nilikuwa tayari najua nitakachokisema.

Marehemu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mie ni Mzaramo, na kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujajuana. Kwetu mtani ana kazi msibani. Wengine wanapolia, yeye anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema kwa uroho wake na ubahili wake, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Katika mtaa wetu wa Boko hapakuwa na mtu aliyefaa kazi hiyo kuliko mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi nilimwita mpagazi, yeye aliniita mtumwa wake, na watu walikuwa wakisimama barabarani kutusikiliza.

Tulihamia Boko karibu wakati mmoja, viwanja vilipokuwa bado vichaka. Mimi nilitoka Temeke, ambako nilikuwa karani wa ghala, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Yeye alikuja na mkokoteni. Alianza kwa kufyatua tofali kwa kalibu ya mbao, peke yake, akitumia saruji iliyomwagika ambayo madereva wa malori ya kiwanda cha Wazo walikuwa wanaifagia na kumpa. Nilimcheka. Nilimwambia kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu na yeye amerithi kubeba mchanga. Alicheka kuliko mimi, kisha akaniuliza kama Mzaramo anajua kitanda kinatandikwaje, maana hajawahi kumwona ameamka.

Miaka kumi baadaye alikuwa na mashine tatu, malori mawili na uwanja mkubwa uliojaa tofali zilizopangwa kama mitaa. Mimi nilikuwa karani yuleyule.

Lakini si mali iliyonikera. Ni jinsi alivyoitoa. Zahanati ilipokosa chumba cha wazazi, lori lake lilikwenda. Shule ilipobomokewa na darasa kwa mvua, lori lilikwenda. Msikiti wetu, ambao hakuwa muumini wake, ulipata tofali kabla ya kanisa lake. Na alitoa zile nzuri, zilizomwagiliwa maji siku zote saba. Zile zilizovunjika pembe, ambazo fundi hawezi kuzinunua, alijengea ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Ukuta ule upo mpaka leo, umejaa mapengo kama kinywa cha mzee. Nilikuwa nikipita hapo asubuhi nikiwaza kwamba hata mapengo yale anajivunia. Nilitamani mapengo yale yawe yangu.

Kitu kimoja tu nilimzidi, na hicho ndicho nilichokishikilia.

Zamani hizo, kabla ya simu za mkononi, alikuja kibarazani kwangu mchana mmoja, ananitania kama kawaida yake. Alisema amekuja kumkagua mtumwa wake kama bado anapumua. Akatoa barua mfukoni, imekunjwa na kuloa jasho, akasema nimsomee, miwani yake imevunjika. Nilisoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa salamu. Wa pili sikuweza. Ilikuwa barua ya mdogo wake kutoka Tabora, ikisema mama yao amefariki na wameshamzika.

Alikaa chini. Aliniuliza barua ilifika lini. Nikamwambia mhuri wa posta hausomeki, na yeye ndiye aliyeipokea. Akasema aliipokea siku tatu zilizopita. Siku tatu alitembea na msiba wa mama yake mfukoni, akipakia tofali, akitania watu, kwa sababu alisubiri kumpata mtu ambaye asingemshuku.

"Mtani," aliniambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila kucheka, "hili la macho yangu libaki kwako."

Kuanzia hapo nilikuwa macho yake. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja, au nilikwenda ofisini kwake uwanjani, mlango ukafungwa, nikamsomea. Hesabu alizijua kichwani kuliko mimi, na saini nilimfundisha, yenye mkia mrefu wa kupendeza. Herufi zilimkataa. Alijaribu mara mbili au tatu akaacha, akasema zinamtazama vibaya. Kwa wengine alisema miwani ameisahau nyumbani. Alisema hivyo mara nyingi mpaka watu wakawa wanamzawadia miwani. Wakati anafariki droo yake ilikuwa na jozi kumi na moja.

Barua nyingi zilikuwa za watu wa mtaani wakiomba msaada. Mwanamke fulani aliandika kwamba mumewe ameuza bati za jiko akanywea pombe. Mwalimu mmoja aliandika kwamba binti yake ana mimba na yeye hana uso wa kumwomba mtu mwingine. Nilizisoma zote. Yeye alifumba macho akisikiliza, halafu alisema neno moja, "Apewe," au "Muite." Kesho yake nilikuwa nawasikia dukani wakisema mzee yule Mungu amempa moyo, amesoma barua yangu usiku huohuo. Nilikuwa nanunua chumvi yangu kimya.

Siku ya kufungua madarasa hotuba niliandika mimi. Nilimsomea mara mbili tu, akaishika yote. Pale shuleni aliitoa karatasi, akaiweka mbele yake, akaisema bila kukosea neno, na palipokuwa na sentensi yangu nzuri kuliko zote alisita kidogo, kama msomi anayefikiri. Walipiga makofi kwa kusimama. Nami nilisimama, nikapiga makofi kwa maneno yangu mwenyewe.

Halafu akaja kwa mwanangu.

Kijana wangu alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili. Mtani wangu alimchukua uwanjani, akamweka kwenye stoo, baadaye akamfanya msimamizi. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilihesabu mara ngapi kwa siku mwanangu alisema "mzee kasema". Mzee kasema saruji isikae chini. Mzee kasema mtu asikopwe mshahara. Mimi baba yake nilisema mambo hayohayo miaka yote, hakuna aliyeyakariri. Hata hivyo Jumapili asubuhi zilikuwa zangu. Mwanangu alikaa nami kibarazani, chai na chapati, akanieleza mambo yake yote. Ndiko alikoniambia habari za msichana wa Tegeta anayetaka kumwoa. Alisema, "Barua ya posa utaandika wewe, baba. Mwandiko wako hakuna anayeuweza." Nilijifanya kutojali. Jioni nilitoka nikanunua karatasi nzuri, zisizo na mistari.

Mtani wangu alifariki wiki chache baada ya hapo. Moyo ulisimama akiwa uwanjani, amekaa kwenye rundo la tofali. Barabara ya mtaa wetu ilijaa watu mpaka bodaboda zikazungukia kwingine. Walikuja na malori kutoka Bunju na Mbagala. Mwanangu alilia mbele ya watu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikijiuliza kama atanililia hivyo. Hilo ndilo nililokuwa nawaza mwenyekiti alipoinama sikioni kwangu.

Nilianza vizuri. Nilivaa kofia yake ya pama, nikachukua fimbo, nikatembea kwa kutupa mabega kama yeye. Wakacheka. Nikamwomba mjane miwani, akaniletea, naye alikuwa anatabasamu kwenye kanga yake. Nikavaa jozi tatu, moja juu ya nyingine, nikaishika ratiba ya mazishi mbali, nikaileta karibu, nikasema, "Aa, hii miwani nayo nimeisahau nyumbani." Turubai zima lilicheka. Padri alicheka. Mwanangu alicheka huku anafuta macho.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilitazama watu wale wote wakinitazama, nikaona kwamba bado wanamtazama yeye.

"Mnacheka miwani?" nilisema. "Hata angevaa zote kumi na moja, huyu mpagazi alikuwa hajui hata a. Hotuba zake niliandika mimi. Barua zenu zote mlizomwandikia, nilizisoma mimi."

Waliokaa nyuma waliendelea kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wa mbele walinyamaza kwanza, kisha kimya kikarudi nyuma safu kwa safu. Nilidhani wanamshangaa marehemu. Nilichelewa kuelewa. Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichokiandika. Yule mwalimu alitazama viatu vyake. Yule mwanamke wa bati alinyanyuka akaenda upande wa jikoni. Siri niliyoitoa haikuwa ya mtani wangu peke yake. Ilikuwa yao, na niliwaambia hadharani kwamba ninayo.

Mjane alikuja akanivua miwani, jozi moja moja, taratibu kama anayemvua mgonjwa.

"Umefanya utani, mtani," alisema. "Ndiyo kazi yako."

Hakuna neno baya hata moja hapo, na nimelisikia kila siku tangu siku ile.

Shangazi yangu, aliyetoka Temeke kwa ajili ya msiba ule, aliniwahi tukiwa tunarudi kutoka makaburini. Katika ukoo wetu yeye ndiye aliyefanya utani kwenye misiba mingi kuliko wote, amelala mbele ya majeneza, amewahi kuingia kaburini. Aliniambia kwamba mtani anacheka na kile ambacho mtaa mzima unakijua. Anachokijua peke yake anakifukia na maiti. Alisema hilo hata watoto wa Kizaramo wanalijua, na akaniuliza nilikulia wapi.

Kesho yake mchana mwanangu alikuja kibarazani. Hakukaa.

"Baba, wewe ulidhani nani mwingine alikuwa anajua?"

Nilimwambia hakuna, mie peke yangu.

"Mie nilikuwa najua. Aliniambia mwenyewe, mwaka wa kwanza tu kazini. Siku ambazo wewe huendi nilikuwaga namsomea mie."

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshazeeka na sina cha kulinda. Kitu cha kwanza nilichokisikia hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu. Mimi aliniambia kwa sababu barua ya msiba ilimfichua. Mwanangu alimwambia kwa hiari yake.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Aliniomba nisimwambie mtu," alisema. "Na wewe ni mtu, baba."

Nilidhani nimemshusha marehemu. Hata hilo sikuliweza. Ndani ya mwezi mmoja watu walikuwa wanasimulia dukani jinsi mzee alivyojenga shule bila kujua kusoma, wakitikisa vichwa kwa mapenzi makubwa kuliko ya mwanzo. Akina mama watu wazima wameanza kwenda kujifunza kusoma jioni kwenye darasa lile lile alilolijenga. Nimempa sifa moja zaidi, kwa mkono wangu. Napita kwenye ukuta wake wa mapengo kila asubuhi, na bado namwonea wivu, mtu aliyeko kaburini.

Kwangu hakuna anayeleta barua tena. Zamani walikuja, hata wasiohusiana naye, nikawaandikia maombi ya kazi na malalamiko ya viwanja. Sasa wananiamkia shikamoo kwa heshima zote na kupita. Wanazungumza mpaka nikaribie.

Posa ya mwanangu ilipelekwa Tegeta mwaka huu. Barua aliiandika mdogo wangu wa Temeke, ambaye mwandiko wake unapanda na kushuka kama kuku aliyefungwa mguu. Mshenga alichaguliwa bila mimi kuulizwa. Tarehe ya harusi niliambiwa ikiwa imebaki wiki moja, kama walivyoambiwa majirani. Nilivaa kanzu, nikakaa nilipoelekezwa, na mkwe wangu ananiheshimu. Mwanangu bado anakuja Jumapili. Ananiletea dawa za presha, anauliza kama nimekula, anatazama simu, anaondoka. Karatasi zisizo na mistari zipo kabatini.

Nilikubali kusimama mbele ya watu ili kwa dakika moja wanitazame mimi badala yake. Nilicholipa kwa hilo ni mwanangu. Yupo hai, yupo Boko hapahapa, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hawezi tena kuniambia jambo lake lolote.