Fundi wa magurudumu wa Kimemi na mume aliyebaki Kayna

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado haujaondoka Kimemi, mjini Butembo. Mélanie Kahongya amechuchumaa mbele ya teksi nyeupe iliyofika jana kutoka Beni, na kiganja chake kinapita taratibu juu ya tairi la mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kurudi nje.

Kwenda ndani, mpira unakwaruza kama meno ya msumeno. Kurudi nje, unateleza. Ukingo wa ndani umeisha hadi nyuzi za chuma zinaonekana, lakini ukingo wa nje bado una michoro yake yote.

“Hii ni pneu ya ngapi mwaka huu?” anamuuliza Stanislas, mwenye teksi.

“Ya tatu, mama. Bananiuzishaka pneu za mubaya.”

“Pneu iko muzuri. Magurudumu yako njo hayasikilizane. Moya inaangalia Beni, ingine inaangalia Kasindi.”

Anafungua uzi wa nailoni na kumpa ncha moja mzee aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na gurudumu la nyuma. Huyo ni Kataliko, mwenye gereji, umri wa miaka sabini na minne. Haoni. Anaibana ncha ya uzi kwenye tairi kwa dole gumba na kungoja.

“Vuta, papa.”

“Nimevuta.”

Mélanie anaweka rula kati ya uzi na ukingo wa jante, chuma kinachobeba tairi, kwanza mbele, kisha nyuma. “Mbele kumi na mbili. Nyuma kumi na saba.”

“Tano,” anasema Kataliko, kisha anageuza uso kuelekea mahali anapodhani Stanislas amesimama. “Mutoto yangu, ile ni gari ao ni chukudu?” Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo.

Mafundi wa Butembo wanaiita kazi hii kwa jina lake la Kifaransa, parallélisme. Ni kuhakikisha magurudumu yote yanatazama mbele kwa pamoja. Yakiachana kwa milimita chache tu, tairi haliviringiki tena sawasawa, linaburuzwa. Mwenye gari hulaumu muuza tairi, hununua lingine, na baada ya miezi miwili anarudi palepale.

Kuna mashine za kupimia kwa mwanga katika miji mingine. Hapa kuna uzi, rula na jicho la Mélanie, mama wa miaka arobaini na mmoja. Gari dogo hulipa dola tano, jeep dola kumi, na nusu ni ya gereji. Wiki ikiwa nzuri hupata magari kumi na mawili. Mvua ikikata barabara, hupata matatu.

Hakuingia gereji kwa kutafuta ufundi. Mwaka 2013 alikuwa akiuza chai na mandazi langoni. Kataliko, aliyekuwa akisifika kuanzia Beni hadi Lubero kwa kunyoosha magurudumu, alikuwa ameanza kuona ukungu machoni, na alikuwa akiuficha.

“Siku moya aliniita,” anakumbuka Mélanie. “Aliniambia: ‘Mama ya chai, unajua kusoma namba?’ Nikasema najua. Akanipatia rula. Akasema: ‘Soma polepole, na usiambie mutu.’”

Kwa miaka mitatu alimsomea. Yeye alitaja namba, mzee aligeuza chuma. Macho yalipozima kabisa, walibadilishana: mzee akashika uzi, mama wa chai akashika ufunguo. Madereva wawili walikataa gari zao kuguswa na mwanamke. Mmoja alirudi baada ya mwezi, na tairi lililoisha mkononi.

Mumewe, Jéthro, alikuwa akifurahia kuwasimulia wenzake habari hiyo. Jéthro ni muuguzi. Mwaka 2022 alipata kazi katika kituo cha afya karibu na Kayna, kusini mwa Lubero, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Butembo. Kila wiki ya pili alirudi nyumbani kwa jeep ya abiria, akiwa na viazi na jibini kwenye mfuko.

Mara ya mwisho alirudi Pentekoste ya mwaka 2024. Alikaa siku mbili, akatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, akaondoka Jumatatu. Mwezi uliofuata vita viliifikia Kayna, na mstari wa mapigano ukakaa kati ya mume na mke.

“Batu bote balikimbia,” anasema Mélanie. “Kila jeep ilikuwa inafika hapa na batoto, na magodoro, na mbuzi. Mi nilikuwa naangalia kila jeep. Siku kumi na moya. Yeye hapana.”

Siku ya kumi na mbili simu iliita. Jéthro alikuwa amepanda kilima nyuma ya kituo kutafuta mtandao. Wauguzi walikuwa sita. Sasa walibaki wawili. Akamwambia mkewe kwamba kuna akina mama tisa wanaokaribia kujifungua, na kwamba hao wakimaliza, atakuja.

“Bale tisa balimaliza,” anasema Mélanie. “Bakakuja bengine. Bamama hawamalizike.”

Hafichi kwamba alikasirika. Kwa miezi kadhaa simu ya Jumapili, saa kumi jioni, ilikuwa ya ugomvi. Alimwambia kwamba wale wanawake wote wana waume zao, na yeye ana nani? Kwenye simu ulisikika upepo wa kilimani tu. Baadaye wakaacha kugombana. Wakaanza kuulizana mambo madogo: umekula nini, mvua imenyesha, Shekinah amepata ngapi kwenye hesabu.

Shekinah ni binti yao wa pekee, ana miaka kumi na saba, na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mélanie anasema kuna jioni ambapo binti huyo hucheka kama baba yake, na yeye hulazimika kutoka nje kidogo.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, shule zikiwa zimefungwa, Mélanie aliamua kwenda kumchukua mumewe. Ézéchias, dereva anayepeleka chumvi na sabuni upande wa kusini kila barabara inapofunguka, alikubali kumpakia kwenye jeep yake. Mélanie alimwacha Shekinah kwa dada yake, akavaa kitenge cha zamani, na mfukoni akaweka nauli ya mtu mmoja kwenda na nauli ya watu wawili kurudi.

Walifika kizuizi cha mwisho siku ya pili, karibu saa nne asubuhi. Afisa wa jeshi aliyekuwa pale alikuwa ametumwa kutoka mkoa wa mbali na alichanganya Kiswahili na Lingala. Akasema mizigo itapita, mama hapana.

“Nilimuomba. Nilimuonyesha picha ya harusi,” anasema Mélanie. “Akasema, ‘Mama, kila mutu anayekuja hapa iko na picha.’ Hakuniongelea mubaya. Alikuwa mwenye kuchoka.”

Ézéchias alikuwa tayari kugeuza jeep ili amrudishe. Mélanie alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, na hapo ndipo akaiona pick-up ya afisa. Matairi ya mbele yalikuwa yamekwisha upande wa ndani, na magurudumu yalikuwa yametanuka kama miguu ya bata. Akainama chini ya gari. Chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele kilikuwa kimepinda.

“Chef,” alimwambia, “hii gari yako inakuvuta kwenye mufereji.”

Afisa alimtazama. “Unajuaje?”

“Iko kazi yangu.”

Hakuwa na uzi wala rula. Alifungua kamba iliyofunga turubai la Ézéchias, akakata kijiti na kukitia alama kwa kisu. Wanajeshi wawili walimsaidia kutoa chuma, wakakinyoosha juu ya jiwe kwa nyundo, akakirudisha mahali pake. Kisha akavuta kamba, akapima kwa kijiti, akageuza, akapima tena. Ilichukua saa mbili na nusu.

Afisa aliendesha gari lake hadi kwenye kona na kurudi, mikono akiwa ameiinua juu ya usukani. Alishuka. Akamwandikia Mélanie karatasi ya kupita kwa siku nne.

Ézéchias, aliyeshuhudia yote, anaisimulia hadi leo kila anapopata msikilizaji. “Mi nilikuwa naogopa,” anasema. “Yeye alikuwa anamugombeza mulinzi wa commandant juu hakushika kamba muzuri.”

Saa tisa alasiri walifika kituo cha afya. Jéthro alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, anaosha vyombo vya kuzalishia. Alikuwa amekonda. Mélanie alisimama mbele yake, kitenge kimejaa tope, mikono ina grisi hadi viwikoni. Bila kuinua kichwa, akidhani ni mama mjamzito aliyeleta daftari lake la kliniki, Jéthro alisema: “Mama, ngojea kidogo pale. Tayarisha carnet yako.”

“Carnet sina,” alimjibu. “Niko na bwana tu.”

Mélanie anapofika hapa katika simulizi, anasimama na kupangua funguo zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Usiku wa kwanza hawakuzungumzia kuondoka. Siku ya pili, wakinywa chai, alimwambia kilichomleta. Jéthro alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno ambalo Mélanie hakulitarajia: “Ukisema tuende, tunaenda. Sitakukatalia tena.”

“Nilikuwa nafikiri tutagombana,” anasema. “Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kugombana. Sasa akaniachilia mi njo nikate shauri.”

Jéthro alirudi wodini. Mélanie alimfuata, akakaa kwenye benchi pamoja na wanawake waliokuwa wakingoja. Walikuwa kumi na saba. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Mmoja, tumbo limeshuka, alimuuliza kama yeye ndiye mke wa docteur, kwani hapo muuguzi mwanamume huitwa hivyo. Alipoitikia, yule mama alimshika mkono na kumwambia kwa Kinande, “Wasingya.” Asante. Hakusema asante ya nini.

Mélanie alitoka nje. Hakuweza kukaa. Uani palikuwa na Land Cruiser ya kituo, ambayo huwafuata wagonjwa vilimani, na tairi zake za mbele zilikuwa zimekwisha upande mmoja kiasi kwamba dereva aliogopa kushuka nayo mteremko wakati wa mvua. Fundi wa mwisho wa Kayna aliyejua kazi hiyo alikuwa amekimbia na wengine. Mélanie alifanya kazi hadi jua likaanza kushuka. Alibadilisha tairi za nyuma zikaja mbele, akarekebisha chuma, akapima, akapima tena, ingawa vipimo vilikuwa vimeshatimia.

“Nilikuwa nachelewesha,” anasema. “Nilijua nikimaliza ile gari, nitakuwa na kumujibu.”

Asubuhi ya siku ya tatu, Ézéchias akiwa amewasha injini, Jéthro alitoka na mfuko mdogo begani. Alikuwa ameufunga kweli. Ndani, anasema Mélanie, mlikuwa na mashati mawili na viatu vya Jumapili.

Mélanie aliuchukua ule mfuko na kuurudisha ndani ya nyumba. Akatoka. Akamwambia: “Bakia.”

“Neno moya tu. Ilinichokesha kuliko mulima yote tulipanda.” Jéthro alifungua mlango wa jeep, akampandisha, akaufunga kwa mikono miwili. Mpaka wanafika Lubero, Ézéchias hakumsemesha, na Mélanie anasema hatasahau wema huo.

Ni miezi kadhaa sasa. Mshipi wa kiti alichomtengea mumewe ulining'inia njia nzima ya kurudi, na nauli ambayo haikutumika ilinunua vitabu vya Shekinah. Simu za Jumapili zinaendelea, mtandao ukiruhusu. Mwezi wa kumi na moja Jéthro alimwambia kwamba Land Cruiser ilishuka mteremko ule usiku wa mvua na mama aliyepasuliwa baadaye yu hai, yeye na mapacha. Mélanie alimuuliza tairi zinaisha vipi sasa. Jéthro akacheka. Mélanie alikuwa hajamsikia akicheka tangu Pentekoste ile.

Katika gereji, Stanislas anarudi kutoka kwenye jaribio, ameridhika, usukani umetulia. Jordy, fundi wa injini mwenye miaka thelathini na minne, ndiye aliyesoma rula walipopima tena, na Mélanie alisimama nyuma yake bila kumsahihisha. Amekuwa akimfundisha tangu Krismasi. Ana sababu.

Shekinah atafanya mtihani wa serikali mwezi wa sita, kisha ataanza chuo akiwa nyumbani kwa mama yake mdogo. Mélanie amekwishaongea na Ézéchias. Barabara ikifunguka tena atapanda na funguo zake, uzi na rula mbili, na karatasi ya kizuizi ataiomba hata kama italazimu kulala chini ya gari la mtu. Safari hii haendi kumchukua yeyote.

Ndugu zake wanamwona amerukwa na akili: watu wanatoka kule, yeye anaingia. Kataliko, ambaye atapoteza macho yake kwa mara ya pili, hakubishana naye. “Aende,” anasema mzee, aliyefiwa na mkewe. “Bibi yangu alikufa tukiwa na miaka makumi ine pamoja, na bado naona ilikuwa kidogo.”

Tulimuuliza Mélanie anategemea nini kule, mahali ambapo magari ni machache na pesa ni chache zaidi. Alitazama barabara inayopanda kuelekea kusini.

“Nitafungua mulango asubui, nitamuona anaenda kazi,” alisema. “Mangaribi nitamuona anarudia. Ile tu.”