Kikohozi cha Marehemu

Wakati wa sensa, karani, binti mgeni kwetu Tarime, aliketi kwa jirani yangu mjane, nami nikiwapo. Mjane huyo hakujaliwa mwana, hivyo kwa mila yetu Wakurya ameoa mke amzalie mrithi wa boma.

“Bibi, baba wa mtoto ni nani?”

“Mume wangu, yule pale.” Akaonyesha kaburi kwa kidevu.

“Alikufa kabla mtoto hajazaliwa?”

“Kabla hata mama yake hajaolewa hapa.”

“Basi naandika hana baba.”

“We binti! Shemeji zangu wakisikia hivyo, boma watalichukua.”

Kule kaburini kukasikika kikohozi kizito, kile kile cha marehemu.

“Mzee gani huyo?” karani akauliza.

Akatokea mtoto, anafuta mdomo. Damu ya marehemu hana hata tone.

Karani akaingiza jina la marehemu kwenye kishikwambi, akaondoka bila kunywa chai. Mila hii naijua tangu usichana wangu, wasomaji, lakini nami niliiacha chai, nikamfuata nyuma nyuma.