Msamaha wa Maziwa Yaliyochacha

Faili lilikuwa la plastiki, la kijani, na kwa siku mbili nililipanga upya sijui mara ngapi. Mkataba juu. Hapana, barua ya kuachishwa kazi juu, mkataba chini yake. Kisha hati za mshahara, kisha kitambulisho cha kazi ambacho walisahau kuninyang'anya. Nikimaliza naosha vyombo visivyo na uchafu, narudi, naanza tena. Mama akaniambia nikae chini maana namtia kizunguzungu.

Karani wa wakili ndiye aliyenitia kiherehere. Nilimpigia Jumatatu, nimesimama nyuma ya jiko nisisikike, na wala hakuanza kwa kuniuliza shida yangu. "Dada, umeachishwa lini?" Nikamtajia tarehe. Nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo. "Leo siku ya ishirini na nne," akasema. "Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike tume ya usuluhishi wa kazi ndani ya siku thelathini. Njoo Alhamisi asubuhi, usikose. Beba mkataba, barua waliyokupa, na chochote ulichoandika au kusaini wewe mwenyewe."

Chochote ulichoandika wewe mwenyewe.

Kwa miaka sita nilikuwa mpimaji wa maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kule Kinyala. Wafugaji wanafika asubuhi na ndoo na madumu yao. Mimi nanusa, naonja, nachovya kipimo, napokea au nakataa. Nimekataa maziwa ya majirani, nimekataa ya shemeji yangu, na kanisani nimenuniwa kwa sababu hiyo. Siku moja umeme ukakatika mchana, jenereta likagoma, na maziwa ya tangi zima yakachacha kabla fundi hajafika. Nilimpigia meneja mara nne. Wiki iliyofuata nikapewa barua: uzembe, kwa kupokea maziwa mabovu. Hata kuniita nijieleze hawakuniita. Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kutafuta wakili siku ileile.

Lakini kwetu mtu hajisemei. Baba alishafariki, kwa hiyo shauri lilikwenda kwa baba mdogo anayekaa Kisiba, mtu wa koti na mwavuli mweusi, ambaye amesuluhisha ndoa na mipaka ya mashamba mpaka watu wanamtafuta kutoka kata nyingine. Alikuja na mzee mmoja wa kanisa, wakachukua mkungu wa ndizi, wakaenda kwa meneja. Wakarudi wamefurahi: wamepokelewa vizuri, wamenyweshwa chai. Wiki ikapita. Wakaenda tena, meneja kasafiri. Wakaenda mara ya tatu, na waliporudi baba mdogo akaomba kalamu na karatasi.

"Tuandike balua ya kuomba msamaha," alisema. Amezungumza Kinyakyusa maisha yake yote, na barua kwake itabaki kuwa balua. "Mkubwa unamshusha moyo kwanza, mwanangu. Mengine yanafuata."

Sikumshangaa. Kwetu mambo ndivyo yanavyofunguliwa. Nimeona mtu aliyeng'olewa miche yake ya mpakani akitanguliza samahani mbele ya jirani aliyeing'oa. Kikao kikafunguka, maneno yakatoka, na kabla watu hawajaondoka yule jirani alikuwa ameahidi kuirudisha yote. Samahani ya kwanza haina maana kwamba umekosa. Ni kubisha hodi tu. Kila mtu anajua hivyo, isipokuwa meneja, ambaye alikuja na kampuni na hakuwahi kukaa kwenye vikao vyetu.

Basi baba mdogo akasema, mimi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: kwamba nakiri kuzembea, kwamba nilipokea maziwa pasipo uangalifu, kwamba naomba nisamehewe na nirudishwe kazini. Nikasaini. Mkono ulikuwa unaandika huku kichwa kinapiga kelele. Kabla hawajaipeleka nilikimbia steshenari nikatoa kopi, kwa sababu mimi karatasi sizitupi. Meneja aliipokea kwa mikono miwili, walivyonisimulia, akaifungia kabatini. Jibu halikuja.

Jumanne na Jumatano niliitoa ile kopi kwenye faili na kuirudisha. Nikienda nayo, wakili ataniona mjinga au mwongo. Nisipokwenda nayo, meneja ataitoa mbele ya tume, na hapo nitaonekana vyote viwili. Niliandika kwenye daftari saa umeme ulipokatika, saa nilipopiga simu ya kwanza, jina la fundi. Zile simu nne zilikuwa bado zinaonekana kwenye simu yangu, nikaogopa hata kuichaji zisije zikajifuta. Nilipokuwa napalilia migomba nilifanya mazoezi ya kusema: Wakili, ipo barua moja, lakini. Baada ya lakini sikuwa na kitu. Mwishowe nikaitia kopi kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, si ndani ya faili wala si nyumbani. Huo nao ni woga.

Alhamisi asubuhi baba mdogo alikuwa mlangoni na koti lake. Sikumwita; mama alimwambia. "Huwezi kwenda mbele ya mtu wa sheria peke yako," akasema. Nilitamani arudi Kisiba. Nikasema, "Haya, baba."

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko la Tukuyu. Wakili alikuwa mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wangu. Alimwamkia baba mdogo kwa adabu, akamvutia kiti, naye akaanza kushukuru, ndaga, ndaga, akashukuru kiti, akashukuru mvua, akaeleza sisi ni watoto wa nani na babu yetu alihama kutoka wapi. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza bila ruhusa yangu. Wakili alimsubiri mpaka akameza mate, kisha akanigeukia. "Sasa naomba nimsikie dada."

Nikaeleza. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau fundi, nikamkumbuka. Alikuwa anaandika. Akaniuliza, "Baada ya kuachishwa, kuna chochote ulichowaandikia?"

Nikaangalia faili.

"Ameandika!" baba mdogo akadakia, kwa furaha kabisa. "Ameandika balua nzuri sana. Ya heshima."

Nikafungua mkoba. Wakili aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Haya maneno ni yako?"

Nikikubali, ninajifukuza kazi mwenyewe. Nikikataa, ninamvua nguo mzee aliyenilea, mbele ya mtu aliyekuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Sijui wakili aliona nini usoni kwangu, ila alisema taratibu, "Baba, naomba utusubiri nje kidogo. Mteja na wakili wana mazungumzo yao wawili." Baba mdogo alinitazama nimtetee. Sikumtetea. Akachukua mwavuli wake, akatoka, nami nikaona aibu iliyonichoma mpaka masikioni.

Nikasema yote. Wakili hakucheka. "Njia bado ipo," alisema. "Fomu tunajaza leo, siku zinatosha. Simu ulizopiga zinakusaidia, na kutokukuita ujieleze ni kosa lao kubwa. Lakini hii barua wataisoma kwa sauti. Namhitaji aliyekutajia maneno haya aje aseme mbele ya huyo meneja kwamba yalikuwa yake, na kwa nini aliyasema. Atakubali?"

Nilimkuta amesimama barazani, ameegemea ukuta, chini watu wanabishana wakipakia saruji. Nikamwambia haraka haraka na vibaya, kwamba anatakiwa aseme mbele za watu kwamba ile barua haikuwa kweli. Yeye, ambaye watu wanamtafuta kwa sababu ya neno lake. Nikadhani atanigombeza, na hasira yangu ikatangulia.

"Baba, tangu siku ile mmekwenda kwa meneja mara nne. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama kweli nilikosa."

Alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mwavuli. "Kweli," akasema. "Sikukuuliza." Kisha akaniangalia moja kwa moja, jambo ambalo huwa hafanyi anapozungumza na sisi watoto. "Nakuuliza sasa. Ulipokea maziwa mabovu?"

"Hapana, baba."

Nikaanza kulia palepale, mimi ambaye sikulia siku niliyopewa barua. Hakunibembeleza. Alisimama tu mpaka nikapata pumzi.

"Basi nimesema uongo kwa mkono wako," akasema, akaenda kubisha hodi kwa wakili.