Shangazi na Goti la Mwisho

Katika shule yetu ya baleti kila mtoto ana kipaji. Waulize wazazi. Mimi ni karani wa mapokezi, naandikisha watoto, na kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kuandikisha mtoto wa kawaida. Wote walianza kucheza kabla ya kutambaa. Wote, kwa kauli ya mama zao, wana "mwili wa baleti". Kisha wanaingia ndani, wanashika bomba la kujishikizia ukutani, wanaambiwa wanyooshe goti, na goti linakataa katakata.

Mwenye shule tunamwita Madamu. Aliwahi kucheza ng'ambo, jambo analotukumbusha kila siku, isipokuwa zile siku anazotukumbusha mara mbili. Hutembea shingo juu, vidole vya miguu vimetazama nje, hata akienda msalani.

Kwenye kona ya ukumbi, nyuma ya kinanda chenye vibonye vitatu visivyolia, alikuwa anakaa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Aliletwa kushika nafasi kwa wiki mbili, mpiga kinanda wa zamani alipovunjika mkono. Mkono ulipona, mwenyewe akapata akili, hakurudi. Wiki mbili za Shangazi zikawa miaka kumi na tisa. Madarasa matano kwa siku, muziki uleule, sweta lilelile la kijivu, na kitini taulo lililokunjwa mara nne, maana kile kiti hakikuwa na huruma na kiuno cha mtu. Wazazi walimpita bila salamu. Nadhani waliamini kinanda kinajipiga chenyewe.

Huruma yote ya jengo lile alikuwa nayo yeye, na ndiyo iliyomponza. Kabla ya kuruka, mchezaji hukunja magoti kwanza. Muziki unatakiwa uende na mchezaji aufuate. Shangazi alifanya kinyume: anainua mikono, anawatazama watoto kwenye kioo kikubwa, juu ya miwani yake, anangoja goti la mwisho likunjike, ndipo anapiga. Na goti la mwisho siku zote lilikuwa la Kifaranga, binti wa miaka kumi na miwili ambaye hufikiria kila jambo mara mbili, kuruka kukiwamo.

"Shangazi, unawadekeza hawa," Madamu alimwambia kila wiki.

"Nawangoja kidogo tu, Madamu. Pumzi moja."

Hiyo pumzi moja hata mimi niliizoea. Ukuta kati ya meza yangu na ukumbi ni mwembamba, kwa hiyo nilikuwa nagonga mihuri kwenye fomu kwa kuifuata: mkono juu, kimya, kisha paa, wametua na mimi nimegonga.

Muhula huu Madamu akaleta spika. Ndogo, nyeusi, haiumwi kiuno. Akakata kauli kwamba mtihani wa mwaka utachezwa kwa spika, na mambo yakienda vizuri, Shangazi "apumzike". Neno zuri sana hilo. Unamfukuza mtu huku unampapasa mgongo. Shangazi ni mjane, hana kazi nyingine, na nyumbani kwake hakuna kinanda. Alijibu, "Sawa, Madamu," akaendelea kufuta miwani. Spika ilifika siku moja kabla ya mtihani, na hakuna aliyeona haja ya kuifanyia mazoezi. Muziki si uleule?

Siku yenyewe mtahini akaja, mwanamume mwembamba mwenye penseli iliyochongwa vizuri kuliko shule yetu. Shangazi alikaa nami mapokezi, taulo mapajani, tukichungulia kwenye kioo cha mlango. Mazoezi ya polepole yalikwenda salama. Ikaja zamu ya kuruka. Watoto wanane wakakunja magoti, wakatazama kwenye kile kioo kikubwa, mahali ambapo huwa wanaiona miwani ya Shangazi, wakangoja kungojwa. Muziki ukaenda zake. Wao wakabaki wamechuchumaa kama watu wanaotafuta hereni sakafuni.

Mtahini akazima spika. "Hawa huwa wanapigiwa na nani?"

Madamu akaufungua mlango kwa nguvu. "Shangazi! Njoo uone ulivyoniharibia watoto!"

Nilitaka kumrushia mhuri. Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli, na Shangazi alijua. Nilimwona usoni kwamba anajua. Aliingia, akatandika taulo, akawageukia watoto.

"Wanangu, leo simngoji mtu. Atakayechelewa, kachelewa."

Kinanda kikaanza utangulizi. Magoti yakakunjwa, na wote wanane wakaruka papo hapo, Kifaranga wa kwanza, kwa hofu au kwa hasira sijui, juu kuliko nilivyowahi kumwona. Na Shangazi? Mikono yake ilikuwa hewani. Macho yalikuwa kwenye kioo, yanangoja goti ambalo lilikuwa limeshaondoka. Alipopiga, walikuwa wameshatua.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili. Wanane wote wamefaulu. Chini kabisa, kwa ile penseli, mtahini alikuwa ameandika: "Mpiga kinanda yuko nyuma ya wachezaji." Madamu alitusomea kwa sauti ya msibani na macho ya harusini. Shangazi akaiomba karatasi, akaisoma mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kifaranga kaniacha," akaniambia. "Umeona, mwanangu? Kaniacha mimi!" Alisema kwa majivuno, kama wale mama wanaoandikisha watoto mezani kwangu. Kisha akachukua taulo lake akaenda nyumbani, na mimi nikaingia msalani kulia.

Sasa tuna spika. Wazazi wameisifu sana; wao waliiona tangu siku ya kwanza. Watoto wanaruka kwa wakati. Mwenye shida ni mimi. Zamu ya kuruka ikifika nainua mhuri, nangoja, na muziki unanipita mkono ukiwa juu. Juzi mama mmoja, mwenye binti wa miaka minne, aliniuliza nangoja nini kugonga fomu yake.

Nikamwambia mtoto wake ana mwili wa baleti.